Damu Irudi Nyumbani

Kwa miezi mitatu Dorika alikuwa amejifunza kuyatambua malori kwa mlio. La mnunuzi wa karanga lilikohoa. La duka la Shelui lilipiga honi kwenye kila kona, hata pasipokuwa na mtu. Lakini lori la Idara ya Virusi lilipanda mlima wa Sekenke taratibu, kama mwanamke aliyebeba mayai kichwani, kwa sababu lilibeba chupa.

Asubuhi hiyo ya Septemba alilisikia akiwa nyuma ya zahanati ya Ulemo anachemsha sindano. Aliziacha jikoni zikiendelea kutokota, akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka mbele bila kukimbia. Kukimbia kungeonekana na wagonjwa, na wagonjwa wa Ulemo walikuwa na midomo.

Laurenti alishuka upande wa nyuma, suruali yake ya kaki imegeuka rangi kwa vumbi, sanduku la mbao begani. Alimwona. Kisha akatazama chini, kwenye viatu vyake, na Dorika akajua.

"Habari za safari?" alimuuliza, kwa kuwa dereva alikuwa anasikiliza.

"Njema. Za hapa?"

"Nzuri. Umekonda."

"Na wewe umekonda."

"Mimi nilikuwa nangoja. Wewe ulikuwa na kazi gani ya kukukondesha?"

"Kulisha panya."

Dorika alicheka kidogo, na kicheko hicho kilimuuma, kwa sababu kilikuwa cha zamani. Mwezi wa sita, walipokuwa bado wanafahamiana, Laurenti alimweleza kazi ya idara yao iliyokuwa katika chuo kikuu cha ng'ambo ya Ziwa. Walizunguka vijijini wakiwatoa watu damu kidogo. Damu iliachwa igande, na maji yake ya juu, yenye rangi ya asali mpya, yalivutwa na kutiwa katika chupa yenye namba. Huko chuoni maji hayo yalichanganywa na virusi vya homa, vijidudu visivyoonekana hata kwa darubini ya zahanati, kisha yakadungwa panya weupe. Panya wakiishi, mwenye damu aliwahi kupigana na homa hiyo akaishinda. Panya wakifa, hajawahi kukutana nayo.

"Yaani Wazungu wamejenga chuo kikuu kizima ili walee panya?" Dorika alimuuliza siku ile.

"Na mimi ndiye ninayewatandikia majani."

"Basi mtu akinioa kutoka huko, nitaambiwa nimeolewa na mchunga panya."

"Mtu gani huyo?" Laurenti alimuuliza, na walitazamana mpaka maji ya sindano yakakauka sufuriani.

Sasa Dorika alimfuata mpaka chumba cha dawa, akarudisha mlango bila kuufunga kabisa. Laurenti alitua sanduku mezani.

"Unazo?" Dorika alisema.

"Sina."

"Zote mbili?"

"Yangu ipo nusu. Ya baba yako imekwisha."

Dorika aliketi kwenye kiti cha wagonjwa.

Kosa lilifanyika siku moja tu, na siku hiyo yeye hakuwepo. Alikuwa amempeleka mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi Kiomboi, kwa machela. Kabla ya kuondoka alimwambia Laurenti asiende kuwaomba damu watu wa kwao mpaka arudi, azungumze kwanza na mama yake. Laurenti aliitikia. Lakini barafu ya kwenye masanduku ilikuwa inayeyuka, lori lilikuwa linaondoka kesho yake, na daktari wa idara alihitaji watu wazima thelathini kutoka vitongoji vile. Akaenda.

Wazee walikataa. Mzee Damiani, kaka mkubwa wa baba yake Dorika, alisema mgeni anayechukua damu ya mtu bila kutoa yake ni mwizi. Laurenti akafikiri kidogo, akakunja mkono wa shati. Alitolewa damu mbele ya watu wote, kisha Mzee Andrea, baba yake Dorika, akatolewa baada yake. Chupa mbili zikawekwa kwenye matundu mawili ya sanduku yanayopakana. Mzee Damiani akakata ini la mbuzi, akaligusisha mkono mmoja na mwingine palipochomwa, akatamka maneno, nao wakala. Watu wote wa kitongoji wakajipanga kutoa damu. Daktari alimpiga Laurenti begani kwa furaha.

Huko kwao, upande wa Ikungi, Laurenti aliwahi kuona wazee wawili wakichanjiana damu. Walikuwa marafiki, na mmoja wao baadaye alimwoza mwenzake binti. Hivyo alikula ini lile akiamini anaufungua mlango. Yatima aliyelelewa misheni angemuuliza nani? Katika ukoo wa Mzee Andrea maana ilikuwa nyingine. Aliyetoa damu pamoja na mwenye nyumba alikuwa mtoto wa nyumba ile. Na mtoto wa nyumba haoi ndani ya nyumba.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuyafungua maneno yale. Damu irudi. Kila mmoja amwage yake mlangoni pa zizi, na wawe wageni tena. Mgeni anaweza kuoa.

"Nieleze," Dorika alisema. "Ilikwishaje?"

"Nilimwendea Daktari siku ile ile niliyofika. Sikubadili hata nguo. Nikamweleza yote."

"Akacheka?"

"Hakucheka. Angecheka ningepata wa kumchukia. Alifungua kitabu, akatafuta namba mia mbili na kumi na nne. Baba yako, Dorika, aliwahi kuugua homa ile bila kujua. Panya wake wote sita waliishi. Kwa hiyo walirudia ili wahakikishe. Wakarudia tena. Ilikuwa vijiko viwili tu vya chai."

"Na hao panya?"

"Kazi ikiisha huchomwa moto. Ndiyo taratibu."

"Taratibu," Dorika alirudia. "Nilikuambia ungoje siku moja."

"Barafu ilikuwa inayeyuka."

"Barafu!" Alisimama. "Mtu akiniuliza kwa nini sikuolewa na niliyempenda, nitamwambia ni barafu. Wengine hukataliwa kwa ng'ombe, wengine kwa dini. Mimi kwa barafu."

"Mwezi wa sita nilikwambia tuondoke wote. Lori lilikuwa na nafasi."

"Na mama yangu nimwachie nani? Kaka Paskali hakurudi kutoka vita vya Burma. Kaka Lazaro tulimzika nyuma ya nyumba. Nami nitoroke kwenye lori la panya?"

Laurenti alifuta vumbi kwenye sanduku. Alikuwa na tabia ya kunyamaza anaposhindwa. Zamani Dorika aliipenda. Leo alitamani amjibu hata kwa matusi.

"Mwalimu Filipo ameleta posa," alisema kwa sauti ya chini.

"Filipo wa shuleni?"

"Huyo huyo. Baba amesema atajibu ukirudi wewe. Ukirudi na damu, Filipo ataambiwa hapana. Ukirudi mikono mitupu, ataambiwa ndiyo. Wamelisikia lori, Laurenti. Saa hii wanatungoja."

Nje mtoto mchanga alikuwa analia, na mama yake anambembeleza kwa Kinyiramba. Dorika alilitazama sanduku. Kisha akalifungua mwenyewe. Ndani, kwenye maganda ya mpunga na barafu iliyobaki, zilikuwamo chupa nyingi tupu, safi, na moja yenye maji ya rangi ya asali hadi nusu.

"Nani anajua kusoma namba pale nyumbani?" aliuliza.

"Wewe."

"Nani mwingine?"

Laurenti alimtazama. Alielewa, na alivyoelewa uso wake uliingiwa na woga.

"Waliona damu nyekundu ikiondoka," Dorika aliendelea. "Nyekundu ndiyo watakayotaka kuiona. Unayo ile dawa ya kuzuia damu isigande. Toa yako upya, itakuwa ya kwako kweli, hutakuwa umedanganya. Ya baba toa kwangu."

"Dorika."

"Mimi si damu yake? Alinizaa nani?"

"Si kitu kimoja. Na wewe unajua."

"Ninachojua ni kwamba Jumapili Filipo ataingia kwetu kwa shangwe." Alivua aproni, akakunja mkono wa gauni juu ya kiwiko, akaulaza mkono mezani. "Umewachoma watu mia ngapi huku Iramba? Nichome na mimi."

Laurenti alinawa mikono, kwa sababu hakujua kuanza kazi yoyote bila kunawa. Alifunga mpira juu ya kiwiko cha Dorika. Vidole vyake vilitafuta mshipa, vikaupata, vikakaa juu yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katika miezi yote ya kufahamiana hakuwa amemgusa zaidi ya kumpa mkono. Dorika aliona jasho juu ya mdomo wake, na kovu dogo kwenye kidevu ambalo hakuwahi kuliona, na akafikiri kwamba mke huwa anayajua makovu yote.

"Itauma kidogo," Laurenti alisema.

"Hivyo ndivyo unavyowaambia wote?"

"Wote."

"Basi mimi niambie kingine."

Sindano iliingia. Dorika alimtazama usoni, si mkononi. "Ninakupenda," Laurenti alisema, kwa sauti ile ile ya kusomea namba, na damu ikapanda ndani ya bomba, nyeusi kuliko alivyotarajia.

Alifunga pamba. Akajitoa yake mwenyewe, Dorika akimshikia mpira. Kisha akachukua kalamu ili aandike kwenye chupa. Kwenye yake aliandika haraka. Kwenye ya pili kalamu ilisimama.

"Andika," Dorika alisema.

"Miaka minne sijawahi kuandika namba ya mtu kwenye damu ya mtu mwingine."

"Andika, Laurenti. Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Akaandika 214.

*

Nyumba ya Mzee Andrea ilikuwa tembe ndefu ya paa bapa, yenye zizi mbele, mwendo wa nusu saa kutoka zahanati. Upepo wa kiangazi uliwapiga usoni njia nzima na hawakuzungumza. Mara moja Laurenti alihamisha sanduku kutoka bega moja hadi lingine. Mara moja Dorika aligusa pamba iliyokuwa chini ya mkono wa gauni, kuhakikisha haionekani.

Wazee wawili walikuwa wameketi kwenye vigoda karibu na mlango wa zizi. Maria, mama yake Dorika, alikuwa anaanika michembe ya viazi juu ya paa, na alipowaona alishuka haraka, kanga ikimponyoka.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, baba mkubwa. Shikamoo, mama," Laurenti alisema, amepiga goti.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Andrea alisema.

"Marahaba," Mzee Damiani alisema. "Umeilea damu yetu vizuri? Nasikia ilipanda ndege."

"Ilipanda, baba mkubwa."

"Angalia mambo! Mimi nimezaliwa kabla ya Mjerumani kujenga boma, sijapanda hata punda. Damu ya mdogo wangu inaruka angani. Huko ilikula nini?"

"Baba mkubwa," Dorika alisema.

"Nauliza tu. Mgeni akirudi huulizwa alikula nini."

Mzee Andrea hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka kwa kazi za machimbo ya Sekenke enzi za ujana wake. Tangu mwezi wa sita alikuwa amezoea kumtaja Laurenti kwa majirani, kwa kujisahau, kama "kijana wangu wa Ziwani". Dorika alilisikia neno hilo kila mara na kila mara lilimchoma.

"Umeileta?" mzee aliuliza.

Laurenti alifungua sanduku. Alitoa chupa mbili, akazishika moja kila mkono, na jua likapita ndani yake. Mama Maria alishika shavu.

"Barafu imeiweka kama ya leo," Mzee Damiani alisema, akisogea aone. "Kweli hawa watu wamesoma. Ipi ni ipi?"

Laurenti alinyoosha mkono wa kulia. "Hii ni yangu." Kisha, baada ya muda, wa kushoto. Hakusema kitu.

Mzee Andrea aliipokea ile ya kushoto kwa mikono miwili. Hakuitazama namba wala rangi. Hakuuliza swali lolote. Alisimama, akavua kofia, akaenda mpaka mlango wa zizi, na Mzee Damiani akasimama kando yake ili amtangulizie maneno. Lakini mzee alimwashiria asubiri.

"Nataka niseme yangu kwanza," alisema. "Paskali, mwanangu, ulipo huko Burma mahali nisipopajua. Lazaro, uliye hapa. Mnanisikia. Mlipoondoka nilibaki bila mtoto wa kiume. Huyu kijana akaja na sindano zake, akatoa damu yake kwanza kabla ya kuomba yetu. Hakuna mtu aliyewahi kunitendea hivyo. Nikamwita mwana. Niliwaambieni usiku ule ule, mnakumbuka. Leo namtoa. Simtoi kwa ubaya. Namtoa kwa sababu dada yenu anampenda, na mimi nampenda dada yenu. Mshuhudie ninyi kwamba hii ni damu yangu, na ninaimwaga mwenyewe, na kama nasema uongo mlango wangu usi..."

"Baba," Laurenti alisema. "Ngoja."

"Laurenti," Dorika alisema.

"Baba, usiape. Tafadhali usiape."

Mzee aligeuka, chupa imeinama mkononi mwake. Kuku wawili walikuwa wamesogea miguuni pake. Dorika alimtazama Laurenti kwa macho yote aliyokuwa nayo, lakini Laurenti hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama yule mzee aliyevua kofia.

"Hiyo si damu yako," alisema. "Yako ilikwisha kazini. Haikubaki hata tone. Nilitaka kusema tangu nilipofika."

Mzee Damiani aliinamia chupa.

"Kama si yake, ni ya nani? Ya mbuzi?"

Laurenti alifunga mdomo. Dorika aliona kwamba hapo alitaka kunyamaza, alitaka kumficha yeye, na akaona pia kwamba haitasaidia. Alikunja mkono wa gauni mwenyewe.

"Ni yangu," alisema. "Nilimlazimisha. Msimlaumu."

Mama Maria alitoa sauti ndogo. Mzee Andrea alisogea, akaushika mkono wa binti yake, akaitazama pamba iliyokuwa na doa. Aliitazama kama mtu anayetafuta ni wapi mwiba umeingia. Kisha aliurudisha mkono wa gauni chini polepole, hadi kifundoni.

"Ningeapa," alisema. "Mwanangu, ungeniacha niwaapie wafu uongo?"

"Usingejua, baba. Na wao hawasomi namba."

"Wao!" Mzee Damiani alisema. "Umesoma darasa la sita, unadhani waliokufa wanahitaji kusoma?"

"Basi zimwageni hizo hizo! Ni damu. Nimetoka kwake, na yangu imetoka kwake. Mnataka nini zaidi?"

Mzee Damiani alizichukua chupa zote mbili. Hakuwa na hasira. Dorika angependa awe nazo. "Hizi tutazimwaga," alisema, "kwa sababu mmezitia pamoja leo bila kujua mnachofanya, ninyi watoto, na hatutaki ziwasumbue. Lakini hizi zitafuta neno la leo tu. La mwezi wa sita liko katika damu ya baba yenu, na damu hiyo iko wapi, Laurenti? Wewe ndiye mtunzaji."

"Ilipewa panya."

"Na panya?"

"Walichomwa."

"Na majivu?"

"Shimoni, baba mkubwa. Pamoja na mengine ya mwaka mzima."

"Basi haina njia ya kurudi," Mzee Damiani alisema, na kuzimwaga zile chupa mlangoni pa zizi, moja, kisha nyingine. Vumbi lilikunywa haraka. Madoa mawili yalibaki yanagusana pembeni. Kuku mmoja alikuja kudonoa na Mama Maria akamfukuza kwa kanga, akilia.

Dorika alimsogelea Laurenti. Alizungumza taratibu, kwa sauti ambayo wazee wangeweza kuisikia na hakujali.

"Ulinichoma sindano ya nini?"

"Nilidhani nitaweza."

"Ulidhani. Ulipoona huwezi ungesema kule zahanati. Ningelia pale pale, nikafuta macho, nikarudi nyumbani na heshima yangu. Umeningoja nifike hapa, mbele ya baba, mbele ya Paskali na Lazaro."

"Alikuwa anaapa, Dorika. Nilifikiri ataniuliza tu, nami nitaitika. Sikujua kwamba ataapa."

"Ungemwacha aape. Mimi ningelibeba hilo. Ningelibeba maisha yangu yote nikiwa mkeo, na lisingekuwa zito."

"Lingekuwa zito."

"Hukuniuliza!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Siku ya barafu hukuniuliza. Leo hukuniuliza. Unampa baba yangu ukweli, na aliyelipia ni mimi."

Macho ya Laurenti yalikuwa yamejaa machozi. Dorika alitaka kumpiga, na alitaka pia kuliweka paji la uso wake pale kwenye kola yake yenye vumbi, na kwa kuwa hakuweza lolote kati ya hayo mawili alikwenda kusimama kando ya mama yake.

Mzee Andrea alivaa kofia. Alirudi kwenye kigoda chake, akaketi kama mtu aliyebeba mzigo siku nzima. Halafu akapapasa kigoda cha pili, kile alichokuwa amekalia kaka yake.

"Njoo ukae," alimwambia Laurenti.

"Baba, mimi niende tu. Lori linaondoka saa tisa."

"Njoo ukae. Ulikuwa unanidanganya, ukaacha mwenyewe. Paskali alikuwa hivyo hivyo. Akiiba karanga anakuja kuniambia kabla sijahesabu. Kaa."

Laurenti aliketi. Mama Maria alileta kibuyu cha maziwa na bakuli, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumwacha mtoto wa nyumba aondoke na njaa. Alimimina bila kumtazama. Laurenti alilishika bakuli lakini hakunywa.

"Kuna neno moja limebaki," Mzee Andrea alisema. "Nililiweka mpaka urudi. Mwalimu Filipo ameleta posa ya dada yako."

Neno hilo, dada, lilitoka kinywani mwake bila ukali wowote. Dorika aliona maziwa yakigusa ukingo wa bakuli la Laurenti.

"Nimelisikia, baba."

"Kwetu hapa posa haijibiwi na baba peke yake. Kaka huulizwa. Kaka zake wawili niliokuwa nao hawapo. Umebaki wewe."

"Mdogo wangu," Mzee Damiani alisema kwa upole, "labda si leo."

"Leo. Filipo anangoja jibu, na binti huyu nisipomwoza mwezi huu atakauka kama michembe ile. Laurenti, unamjua Filipo?"

"Ninamjua."

"Unamjuaje?"

"Alitusaidia mwezi wa sita kuwapanga watoto wa shule. Alitolewa damu wa kwanza ili wasiogope. Kuna mtoto alizimia, akambeba mgongoni mpaka kwao. Kisha akarudi akamalizia somo."

Dorika alihesabu pumzi zake. Lilikuwepo neno lingine ambalo Laurenti angeweza kulisema. Mlevi. Mkali. Ana mwanamke Shelui. Neno lolote lingetosha. Baba yake angeamini, kwa sababu sasa angemwamini Laurenti kwa lolote. Posa ingerudishwa, nao wangepata mwaka mwingine, na katika mwaka mtu huweza kupata njia. Alimtazama. Hakuwa amemtazama usoni tangu aende kusimama kwa mama yake. Safari hii Laurenti aliinua macho, yakakutana na yake, na alielewa anachoombwa. Aliona wazi kwamba ameelewa.

"Nakuuliza kama kaka yake," Mzee Andrea alisema. "Ni mtu wa namna gani?"

Upepo ulipeperusha vumbi mlangoni pa zizi, na madoa yale mawili yalikuwa yamekwisha kukauka. Laurenti alitua bakuli chini, akajifuta mikono magotini, kama anavyofanya kabla ya kusoma majibu kitabuni.

"Ni mtu mwema, baba," alisema. "Mpeni."